Kisu, Tupa na Kipande cha Kioo: Historia ya Zana za Kusawazisha Soli

Toleo hili la kumbukumbu halikukusudiwa liwe la hotuba na salamu peke yake. Kamati imetaka ziwemo pia habari za kazi za mikono zinazotulisha. Juu ya useremala, ushonaji wa nguo na ususi mengi yamekwisha kusemwa. Juu ya fundi viatu husemwa machache, na juu ya zana zake za kusawazisha soli halisemwi hata neno moja. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuandika historia ya kisu kidogo, wakati tuna mambo makubwa ya maji, mgawo na karatasi za utambulisho? Jibu ni kwamba kisu hicho kimewavusha watu wengi mipaka mingi. Watu wanapokimbia hawabebi kiwanda. Hawabebi cherehani nzito wala benchi. Hubeba kinachoingia kwenye mfuko. Na historia inaonyesha kwamba fundi viatu ni miongoni mwa mafundi wachache ambao kazi yao nzima huingia kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo tukiuliza ni zana gani zimo katika mfuko huo, ni nani alizitengeneza na ni nani anazimiliki, tunauliza jambo linalotuhusu sisi wenyewe, na linalowahusu pia ndugu zetu watumishi wa mashirika wanaopanga mafunzo na vifaa.

KAZI YENYEWE NI IPI

Kwanza tuieleze kazi, maana wengi huvaa viatu bila kujua vinavyomalizwa.

Soli haikatwi kwa kipimo kamili tangu mwanzo. Fundi huikata ikiwa pana kidogo kuliko kiatu, kwa sababu ngozi ya juu ikisha kuvutwa na kushonwa, au gundi ikisha kushika, ndipo mstari wa mwisho unapojulikana. Baada ya kushona hubaki ukingo wa ziada unaozunguka kiatu chote. Huo ndio unaopunguzwa na kusawazishwa.

Ziada hiyo ikiachwa, mvaaji hujikwaa kwenye mawe, ukingo hukunjika, maji huingia kati ya soli na ngozi, na baada ya majuma machache soli hufunguka mdomo kama mamba. Ikipunguzwa kupita kiasi, kisu hugusa uzi, na kiatu hufunguka upesi zaidi. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi nyembamba kama unene wa ukucha. Ustadi wote umo katika nafasi hiyo.

Kazi hufanywa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kisu. Fundi hukaa kwenye kigoda, huweka kiatu juu ya paja, na hukibana kwa mkanda wa ngozi unaopita juu ya kiatu na kushikwa chini kwa unyayo wake mwenyewe. Kwa njia hiyo mguu wake ndio huwa jiliwa, na mikono yote miwili hubaki huru. Soli ya ngozi hulowekwa kidogo kwanza, kisha hugongwa kwa nyundo juu ya jiwe laini la mtoni lililowekwa gotini, ili ishikamane na kuwa ngumu. Ndipo kisu kinapopita kwa mkato mrefu, bila kusitasita.

Hatua ya pili ni tupa yenye meno makubwa, ile ya nusu duara, ambayo huondoa mabonde aliyoyaacha kisu. Hatua ya tatu, katika viatu vya ngozi, ni kipande cha kioo kilichovunjwa. Ukingo mpya wa kioo ni mkali kuliko chuma chochote cha kawaida, na ukikokotwa juu ya ngozi hutoa nyuzi nyembamba kama vumbi la unga. Mafundi wa Ulaya waliitumia njia hii kwa muda mrefu hata walipokuwa na vyuma vizuri, kwa sababu kioo kikiwa butu hutupwa na kingine huvunjwa. Hatua ya nne ni msasa. Hatua ya tano ni rangi na nta, ambazo hushindiliwa kwa chuma kilichopashwa moto, au kwa mfupa au mti mgumu, mpaka ukingo ung'ae na kufunga vinyweleo vya ngozi ili maji yasipite.

Hapa lugha yetu inatukumbusha jambo. Neno msasa ni la kale kuliko karatasi yenye mchanga inayouzwa dukani. Msasa ni mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, na majani hayo ndiyo yaliyotumiwa kulainisha mbao kabla ya karatasi hiyo kufika. Yaani zana ya kulainisha ilikuwako hapa, na jina lake ndilo lililopewa bidhaa ya kigeni.

KISU CHA NUSU MWEZI CHA MISRI

Viatu vyenyewe ni vya kale sana. Katika pango la Areni nchini Armenia kiligunduliwa mwaka 2008 kiatu cha ngozi chenye umri wa miaka ipatayo 5,500. Huko Oregon, Marekani, vilipatikana mwaka 1938 ndala za magome ya mti zenye umri wa miaka kama 10,000. Lakini viatu hivyo havituonyeshi fundi akiwa kazini.

Picha nzuri ya fundi akiwa kazini inatoka Afrika. Katika kaburi la Rekhmire, aliyekuwa waziri mkuu wa Farao Thutmose III huko Thebes, kuta zimechorwa mafundi wa kila aina: wahunzi, maseremala, wafyatua matofali na mafundi ngozi. Kaburi hilo ni la karne ya 15 K.K. Mafundi ngozi wanaonekana wakiloweka ngozi katika mtungi, wakiivuta, wakiitoboa kwa msharasi, na wakiikata kwa kisu chenye umbo la nusu mwezi.

Kisu hicho cha nusu mwezi kinastahili kutazamwa vizuri. Makali yake ni ya mviringo, na mpini umekaa katikati, juu ya mgongo wake. Nguvu ya mkono hushuka moja kwa moja juu ya makali, na fundi hukata kwa kukibiringisha badala ya kukivuta. Ndiyo maana huweza kufuata mviringo wa soli bila kuchana. Leo, zaidi ya miaka 3,400 baadaye, mafundi ngozi wa nchi nyingi bado wanakitumia kisu cha umbo hilo hilo. Falme zimekuja na kuondoka, lakini umbo la kisu halikubadilika kwa kuwa mkono wa binadamu haukubadilika.

Ugiriki nako tunazo habari. Karibu na uwanja mkuu wa mji wa Athens wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua nyumba ya karne ya 5 K.K. iliyokuwa na misumari midogo ya viatu na vikuku vya mfupa vya kupitishia kamba. Hapo hapo palipatikana kitako cha kikombe kilichoandikwa jina la Simon. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Sokrates alikuwa akienda kuzungumza katika duka la fundi viatu mwenye jina hilo. Katika karne iliyofuata Xenophon aliandika kwamba katika miji mikubwa kazi ya viatu ilikuwa imegawanywa: mmoja hutengeneza vya wanaume, mwingine vya wanawake, mmoja hukata tu, mwingine hushona tu. Katika miji midogo fundi mmoja alilazimika kufanya yote ili apate riziki. Sisi tunaoishi mahali penye wateja wachache tunaielewa hali ya huyo fundi wa mji mdogo.

MFUKO WA FUNDI MSAFIRI

Katika Ulaya ya zamani za kati na baadaye, fundi kijana aliyekwisha maliza uanagenzi alisafiri mji hadi mji akitafuta kazi. Alibeba zana zake mgongoni. Waingereza waliziita zana hizo mifupa ya Mtakatifu Hugh. Mwandishi Thomas Deloney aliieleza asili ya jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1597 juu ya mafundi viatu: Hugh alikuwa mwana wa mfalme aliyejifunza kushona viatu, akauawa kwa ajili ya imani yake, na mafundi wenzake wakatengeneza zana kutokana na mifupa yake. Hiyo ni ngano, si historia. Hata hivyo inaeleza walivyozithamini zana zao. Hazikuwa mali ya tajiri. Zilikuwa kama viungo vya mwili wa fundi.

Katika makoloni ya Marekani ya Kaskazini pia walikuwako mafundi viatu waliozunguka mashambani na mfuko wa zana. Walikaa kwa mwenye shamba siku kadhaa, wakaishonea viatu familia nzima kwa ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, kisha wakaondoka kwenda kwa jirani.

Mwaka 1767 Mfaransa François de Garsault alitoa mjini Paris kitabu kiitwacho Art du cordonnier, katika mfululizo wa vitabu vya Chuo cha Sayansi vilivyoeleza kazi za mikono moja baada ya nyingine. Kitabu hicho kina michoro ya zana na maelezo ya kila hatua. Ndugu zetu wanaotumia Kifaransa watalitambua jina la kisu cha fundi viatu: tranchet. Ni bamba refu la chuma lisilo na mapambo, lenye makali upande mmoja. Hakuna kisu rahisi kuliko hicho, wala hakuna kilichopunguza soli nyingi zaidi.

Chuma chenyewe kilikuwa na historia yake. Huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alivumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo, na hivyo kupata chuma kilicho sawa kote, kinachoshika makali. Mji huo ukawa mashuhuri kwa visu na tupa. Mwaka 1836 ilianzishwa hapo kampuni ya George Barnsley, ambayo ilitengeneza zana za mafundi viatu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Zilikuwamo randa ndogo za ukingo zenye kizuizi cha kuilinda ngozi ya juu isiguswe na makali, tupa za kuondolea ncha za vijiti ndani ya kiatu, magurudumu madogo ya kupiga alama za mishono, na vyuma vya kung'arishia ukingo kwa moto. Kila kimoja kilikuwa kisu kile kile cha zamani kilichoongezwa busara kidogo ili fundi asikosee.

MASHINE ILIPOKUJA

Katikati ya karne ya 19 mambo yalibadilika. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushona soli kwenye kiatu. Baadaye zikaja mashine za kupunguza ukingo, zenye visu vidogo vinavyozunguka kwa kasi. Kazi ambayo fundi aliifanya kwa muda mrefu sasa ilimalizwa kwa dakika chache.

Miongoni mwa wavumbuzi wa wakati huo yupo mmoja ambaye kila kijana wa kambi angefaa kulijua jina lake. Jan Matzeliger alizaliwa mwaka 1852 mjini Paramaribo, nchini Suriname, mama yake akiwa mtu mweusi na baba yake Mholanzi. Alifika Marekani akiwa kijana, hajui Kiingereza vizuri, na mwaka 1877 akahamia mji wa viatu wa Lynn, Massachusetts. Alifanya kazi kiwandani mchana na kujisomea usiku. Kazi aliyoishughulikia haikuwa ya kupunguza soli bali ile inayoitangulia, ya kuvuta ngozi ya juu na kuifunga kwenye kalibu. Watu wote walisema mashine haiwezi kuifanya. Tarehe 20 Machi 1883 alipata hataza ya mashine yake. Fundi hodari wa mkono aliweza kufunga jozi kama 50 kwa siku. Mashine yake ilifunga kati ya 150 na 700. Alifariki dunia mwaka 1889 kwa kifua kikuu, hajatimiza miaka 37.

Lakini historia haina upande mmoja. Mashine zilishusha bei ya viatu, na watu maskini waliokuwa wakienda peku wakavaa viatu. Hilo ni jema. Wakati huo huo fundi alipoteza kitu alichokuwa nacho tangu enzi za Rekhmire: umiliki wa zana zake. Mwaka 1860 maelfu ya wafanyakazi wa viatu wa Lynn na miji ya jirani waligoma kwa sababu ya ujira mdogo. Mwaka 1895 huko Uingereza ugomvi juu ya mashine na malipo ulifika mahali waajiri wakafunga milango ya viwanda na kuwaacha wafanyakazi nje. Mwaka 1899 makampuni ya Marekani ya mashine za viatu yaliungana na kuunda United Shoe Machinery, ambayo haikuwa ikiuza mashine zake muhimu bali ilizikodisha. Hata mwenye kiwanda hakumiliki mashine zilizokuwa ndani ya kiwanda chake.

Jambo moja la ajabu lilibaki. Hata kiwandani, kupunguza ukingo hakukuacha kuwa kazi ya mkono na jicho. Mashine ilizungusha kisu, lakini mtu ndiye aliyeshika kiatu na kukigeuza mbele ya kisu, na mkono ukitetemeka kiatu kiliharibika. Kwa hiyo wapunguza kingo walihesabiwa kuwa mafundi wa daraja la juu kiwandani.

KATIKA NCHI ZETU

Tusidhani kwamba habari za chuma kizuri ni za Sheffield peke yake. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari za tanuri za kale za Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Walionyesha kwamba wahunzi wa huko waliweza kupata chuma cha pua kwa tanuri zenye joto kali tangu miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita. Wahunzi wa Maziwa Makuu walijua kutengeneza makali. Na katika pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana kwa mafundi wake wa ngozi, waliotengeneza makubadhi na vitu vingine vya ngozi kwa ustadi.

Hata hivyo watu wengi wa bara walitembea peku, na kwa muda mrefu haikuwa hatari kubwa kama ilivyokuja kuwa. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilimleta funza katika pwani ya Angola. Mdudu huyo hakuwako Afrika kabla ya hapo. Alisafiri na misafara, akafuata njia za biashara na za majeshi, na kabla ya karne ile kwisha alikwisha fika pwani ya Bahari ya Hindi. Vijiji vizima viliumia. Watu walipoteza vidole na kushindwa kulima. Tangu wakati huo soli si pambo tena katika nchi zetu. Ni kinga, pamoja na kinga dhidi ya safura inayoingia kwa nyayo kutoka katika udongo mchafu.

Viwanda vilifuata. Kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, nchi ya Wacheki, ilianza kazi Kenya mwaka 1939, na kiwanda chake cha Limuru kikawa maarufu katika Afrika Mashariki yote. Ni vema tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1939, Wajerumani walipoitwaa nchi yao, Thomas J. Bata, mwana wa mwanzilishi, aliondoka na familia zipatazo mia moja za wafanyakazi wake, wakaanza upya Kanada katika mahali palipoitwa Batawa. Jina hilo kubwa tunaloliona kwenye viatu vya shule liliwahi kuwa jina la watu waliokimbia kwao.

Tanzania ilijaribu njia ya kiwanda kikubwa huko Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1970. Kiwanda kilikusudiwa kuuza viatu vingi Ulaya. Mashine zilikuja, jengo likasimama, lakini hakikupata kutumia zaidi ya asilimia 5 ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Vipuri, ngozi, umeme na masoko, kimoja kikikosekana kingine hakifanyi kazi.

Wakati kiwanda kile kimesimama, fundi wa chini ya mti aliendelea. Yeye alikuwa amegundua malighafi isiyohitaji mkopo: tairi. Tairi ya upepo ilitengenezwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, na kila mahali magari yalipofika, matairi yaliyochakaa yaligeuzwa viatu. Watanzania huviita katambuga, Wakenya akala, Waganda lugabire. Wamasai waliokuwa wakivaa ndala za ngozi ya ng'ombe walihamia kwenye tairi. Hata Vietnam, wakati wa vita, wapiganaji walitembea na viatu vya tairi katika misitu.

Tairi ilirudisha kisu kwenye kiti chake. Sehemu inayogusa barabara huwa soli. Ubavu ulio laini, au mpira wa ndani, huwa mikanda. Mpira hukamata makali na kuyazuia, kwa hiyo fundi huchovya kisu katika maji, au maji ya sabuni, ili kiteleze. Lakini nalo tairi lilibadilika. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza ya tairi yenye nyuzi za chuma, na aina hiyo ikaenea duniani. Nyuzi hizo hula makali ya kisu, na zikitokeza kwenye ukingo huchoma mguu. Ndiyo sababu fundi mzoefu hulichunguza tairi kabla ya kulinunua, akitafuta lile lenye nyuzi za nguo au nailoni, na akilazimika kutumia lenye chuma hulibandua tabaka kwa tabaka kwa kisu na koleo. Anayesema kazi hii haina elimu na ajaribu siku moja.

Na visu vyenyewe? Vinatengenezwa na mafundi kutokana na bamba la msumeno wa chuma, kipande cha springi ya gari, au tupa iliyokwisha meno. Mpini ni mti au mpira uliozungushwa. Gharama yake ni ndogo, na kikivunjika fundi hatumi barua kwa mtu yeyote kuomba kipuri.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika historia hii yote tunaona kwamba mambo matatu ndiyo yaliyomfanya fundi viatu asimame tena kila alipoanguka: zana anayoweza kuibeba, zana anayoweza kuitengeneza, na zana anayoweza kuinoa. Penye mambo hayo matatu, fundi akihama kazi inahama naye. Yakikosekana, hubaki na ujuzi usio na mikono.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote, mambo yafuatayo yafikiriwe na wanaohusika.

Kwanza, kila anayehitimu mafunzo ya viatu awe na kisu chake mwenyewe. Si mara moja tumemwona kijana ana cheti kilichopigwa muhuri, lakini zana alizojifunzia zimebaki kwa kundi, na kundi limetawanyika. Kisu kimoja cha watu watano si kisu. Fundi wa zamani hakuwa fundi kamili mpaka alipobeba mfuko wake.

Pili, katika sanduku la vifaa kiwekwe kinoo. Mara nyingi huwekwa nyundo, gundi, uzi na shazia, na kisu kikiwemo hukosa jiwe la kukinolea. Kisu kisichonolewa ni hatari kuliko kikali, kwa sababu mtu hukisukuma kwa nguvu na kikiteleza humkata paja au kidole gumba. Kinoo chenye uso mkavu na uso laini, na ukanda wa ngozi wa kumalizia, vinatosha kwa miaka mingi. Tupa ya nusu duara nayo isisahauliwe.

Tatu, juma la kwanza la mafunzo liwe la kunoa, wala lisiwe la kushona. Wazee wetu mafundi wanajua kunoa, na wapo hapa hapa. Kijana asiyeweza kunoa ataacha kazi mwezi wa pili, tutasema ni mvivu, kumbe kisu chake ni butu.

Nne, mashine ya kusaga kingo si mbaya. Ikipatikana, na umeme ukiwapo, itumike kwa pamoja. Ila isichukue nafasi ya mafunzo ya mkono. Morogoro inatufundisha kwamba mashine inayongojea kipuri haimvishi mtu kiatu.

Tano, usalama. Kisu kisikatwe kuelekea mwilini. Vipande vya kioo vihesabiwe na kufukiwa, watoto wasivikanyage. Gundi ipakwe mahali penye upepo. Aliyejikata aende zahanati kwa ajili ya pepopunda, asifunge kidonda kwa kitambaa cha rangi ya viatu.

Sita, majina ya zana yakusanywe. Katika kambi moja zana hiyo hiyo huitwa kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha zetu za nyumbani, na mara nyingi mzee mmoja ndiye anayelijua jina na matumizi. Akifariki, jina linakwenda naye, na baada ya jina huenda matumizi. Daftari la shilingi chache na kijana mwenye mwandiko mzuri vinaweza kuliokoa jambo ambalo pesa nyingi hazitalirudisha.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, yako mambo mengi ambayo sisi hatuyaamui. Hatuamui ni lini njia ya kurudi itafunguka, wala ni nchi gani itampokea nani. Lakini kati ya mambo tunayoweza kuyaamua ni hili: siku ya kuondoka itakapofika, iwe ya kurudi nyumbani au ya kwenda mbali zaidi, kila fundi wetu awe na mfuko wake, na ndani ya mfuko huo kisu kikali, tupa, msharasi, uzi wenye nta na kinoo. Popote atakapofika atakuta watu wenye miguu, na miguu hiyo itahitaji soli.

Kwa mafundi viatu wote wa kambi hii, walio sokoni na walio vizuizini mwa nyumba zao, jumuiya inasema ahsanteni. Mmetuvusha masika mengi tukiwa na miguu mikavu. Na kwa vijana: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaeni kwenye kigoda, shikeni mkanda kwa unyayo, mwacheni mzee aongoze mkono wenu mpaka mkato wa kwanza ulionyooka utoke.